IGF-1 na kansa ya tezi dume: maneno ya magrupu na ukweli wenyewe

Ukishafika umri fulani hukosi kutumiwa ile sauti ya WhatsApp ya "daktari" anayesema IGF-1, hicho kichochezi cha ukuaji kinachozunguka kwenye damu, kikiwa juu basi kansa ya tezi dume iko njiani, hatari mara nne! Jamani tutulie kwanza, kuna ukweli humo ndani ila umevutwa mno.

Hiyo mara nne haikutungwa. Mwaka 1998 jarida la Science lilitoa utafiti wa madaktari wanaume wa Marekani ambao damu yao ilishawekwa kwenye friza miaka kabla ya kuugua, na waliokuwa robo ya juu ya IGF-1 walionekana kuwa na hatari zaidi ya mara nne ya walio robo ya chini. Shida ni kwamba wagonjwa walikuwa 152 tu. Mwaka 2016 zikaunganishwa data za wagonjwa zaidi ya 10,000 na wasio wagonjwa zaidi ya 13,000, tofauti ikaporomoka hadi asilimia 29 hivi. Yaani kama kwenye kundi la chini wanaugua 10, kwenye kundi la juu, watu idadi ileile, wanaugua kama 13. Ipo, sio sifuri, lakini sio ile ya kukukosesha usingizi, ila namba kubwa ndio inapendwa kufowadiwa.

"Basi nikapime IGF-1 nijue kama nina kansa." Hapana, hapo unatupa hela. Hao 10 wa kundi la chini nao waliugua, na wengi wa kundi la juu hawakuugua kabisa, sasa karatasi itakuambia nini? Halafu angalia hili: IGF-1 inapanda sana ukiwa unabalehe kisha inashuka taratibu maisha yote, wakati kansa ya tezi dume ni ugonjwa wa uzeeni. Ingekuwa namba peke yake ndio mchawi basi wodi zingejaa vijana wa sekondari. Ndio maana kwenye majibu ya maabara pembeni ya namba yako panakuwa na kiwango cha kawaida cha umri wako, mzee wa 65 usijilinganishe na ya mwanao.

Wengine wanasema IGF-1 ikishuka ndio afya, na mfano wao ni wale watu wa kusini mwa Ekuado, mkoa wa Loja, wenye ugonjwa wa Laron. Mfano wa kweli kabisa. Walifuatiliwa kama watu 100, kansa ilionekana kwa mmoja tu na haikumuua, kisukari hakuna. Lakini hao wamezaliwa hivyo, miili haisikii homoni ya ukuaji ndio maana IGF-1 yao iko chini, wanabaki wafupi sana, huo sio mpango wa kuiga kwa kufunga na juisi za kijani. Kwa mtu wa kawaida IGF-1 ikiwa chini sana daktari anawaza utapiamlo au ini lililochoka, maana sehemu kubwa ya hii kitu inatengenezwa kwenye ini.

Maziwa je? Yanaipandisha kidogo, kweli, na wanaume wa Uingereza wasiogusa nyama wala maziwa walikutwa nayo chini kwa kama asilimia 9. Kutoka hapo hadi kumwambia mtu aache chai ya maziwa ataepuka kansa ni mruko ambao hakuna aliyeuthibitisha. Hata dawa za kuizuia IGF-1 zilishajaribiwa kwa wagonjwa ambao kansa imesambaa, mojawapo cixutumumab, faida ya maana haikuonekana.

Kinachonikera zaidi ni vijana wa jimu wanaouziwa IGF-1 ya kuchoma sindano ili wajaze misuli. Imepigwa marufuku michezoni, na inaweza kushusha sukari ya damu hadi mtu aanguke, hiyo kansa ya miaka 30 ijayo ni habari ya baadaye.

Vitu vyenye uzito vinajulikana. Umri, baba au kaka aliyeugua, na sisi weusi, maana Marekani na Uingereza wanaume weusi wanaugua zaidi kuliko weupe. Kipimo cha kuongea na daktari ni PSA, kipimo cha damu cha protini inayotoka kwenye tezi dume, kuanzia miaka 50 hivi, au 45 na hata 40 kama kwenu upo. Nacho kina vituko vyake: UTI inakipandisha, tezi iliyotanuka tu bila kansa inakipandisha, tendo la ndoa la jana yake nalo pia, kwa hiyo ikitoka juu usianze kugawa urithi, rudia kipimo. Na kama unameza finasteride kwa ajili ya tezi iliyotanuka mwambie daktari mapema, hiyo dawa inashusha PSA karibu nusu, ukikaa kimya 3 yako inasomwa kama 3 wakati ilitakiwa isomwe kama 6.