Bima ya kipimo: mto ukifika hapa, kaunti inalipwa

Bima ya kipimo, ambayo wauzaji wake huiita ya parametriki, hailipi hasara. Inalipa kipimo. Mkataba hutaja kifaa fulani, mahali fulani na nambari fulani. Nambari ikifikiwa pesa hutoka, hata kama hakuna aliyehesabu mabati yaliyosombwa. Isipofikiwa hakuna kitu, hata kama zahanati imejaa matope hadi madirishani. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wameizoea: bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 haikuhesabu mizoga, ilitazama hali ya malisho kwa picha za setilaiti.

Bima ya kawaida ya majengo hufuata njia nyingine. Mafuriko yakipita, anakuja mkadiriaji hasara na maswali yake: jengo hili liko kwenye rejista ya mali? Picha za kabla ya maji ziko wapi? Thamani iliyoandikwa ni ya lini? Hili la thamani ndilo huumiza kaunti nyingi. Zahanati ya kujengwa kwa shilingi milioni 20 ikiwa imeandikishwa kwa milioni 12, basi kaunti imekata bima ya asilimia 60 tu. Hasara ikiwa milioni 5, kampuni italipa milioni 3, na bado itaondoa kile kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe. Hakuna udanganyifu hapo. Sharti limeandikwa kwenye mkataba, ila husomwa baada ya maji kupungua. Na vitu ambavyo mafuriko ya Nyando au Budalang'i huharibu zaidi, yaani barabara za murram, makalvati, mitaro na matuta ya mto, kwa kawaida havimo kabisa kwenye bima ya majengo.

Pengo hilo ndilo lililozaa bima ya kipimo kwa serikali. Kimbunga Ivan kiliiponda Grenada mwaka 2004, na mwaka 2007 nchi za Karibi zikaanzisha mfuko wa pamoja, CCRIF, unaolipa ndani ya siku 14 kwa kutazama nguvu ya upepo, mvua au tetemeko. Kimbunga Beryl kilipoipiga Grenada Julai 2024, mfuko huo uliilipa takriban dola milioni 44. Huku kwetu magharibi mwa Kenya hatuna vimbunga vya aina hiyo, na kuiga mkataba wa kisiwani mzima mzima ni kununua kanzu ya mtu mwingine. Sisi tuna maji, tena ya namna tatu.

Maji ya kwanza ni ya mto. Mvua inanyesha Tinderet na Nandi, halafu saa kadhaa baadaye mto Nyando unafurika Ahero huku jua likiwaka. Ya pili ni mvua ya hapo hapo: udongo mweusi wa Kano ukishashiba haunywi tena, na maji husimama shambani na kwenye viwanja vya shule. Ya tatu ni ya ziwa. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda likakaa juu kwa miezi; watu wa Dunga, ufukweni Kisumu, walizama polepole bila tone la mvua siku hiyo. Sasa, mkataba unaopima mvua ya Ahero peke yake utayakosa maji ya kwanza na ya tatu. Kaunti itakuwa imelipa ada, imefurika, na haipati kitu. Ukitaka kujua kama muuzaji anaielewa Kisumu, muulize kipimo chake kinatazama wapi kati ya hizo tatu.

Kosa la namna hii lina historia. Malawi ilikata bima ya ukame ya Umoja wa Afrika kwa msimu wa 2015/16. Ukame ukaja, modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria ukame, ikasema hali si mbaya kiasi cha kulipwa. Ilipochunguzwa ikaonekana modeli ilidhani wakulima hupanda mahindi ya muda mrefu, ilhali wengi walikuwa wamehamia mbegu za muda mfupi. Mwishowe Malawi ililipwa dola milioni 8 na kidogo, lakini kwa kuchelewa, na bima hii haina maana kubwa ikichelewa.

Tuchukue mkataba wa kubuni wa mto. Kikomo ni shilingi milioni 100. Maji yakifika mita 5 kwenye geji, yaani kipimo cha kina cha mto, kaunti inapata milioni 25; mita 5.5, milioni 60. Mita 6, zote. Inaonekana safi. Lakini mita 4.98 ni sufuri, na hapo ndipo ugomvi huzuka. Heri malipo yapande kidogo kidogo, sentimita kwa sentimita, kuliko kwa ngazi. Kisha swali la nani anasoma. Geji ya kusomwa kwa macho, asubuhi na jioni, haitauona mto uliofika kilele saa nane usiku na kushuka kabla ya alfajiri. Mkataba useme ni kifaa cha kujirekodi, useme ni kilele au wastani wa siku, na useme nini kitafuata geji yenyewe ikisombwa, kwa sababu mafuriko makubwa ndiyo huing'oa. Chanzo cha pili, kama makadirio ya mvua ya setilaiti kwenye nyanda za juu, kitajwe kwa jina kabla ya sahihi.

Bima hii isitumike kwa maji ya kila mwaka. Tukio linalorudi kila baada ya miaka miwili litatozwa karibu nusu ya malipo yake kila mwaka, juu yake gharama na faida ya kampuni. Afadhali uweke pesa hizo mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura, na malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia. Huo ubebe madogo. Bima ianzie pale mfuko unapoishiwa.

Kuna mitego miwili ya karatasi. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima hakiruhusu kampuni kubeba hatari kabla ada haijalipwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, pesa za kaunti zikichelewa kama kawaida yake, vuli ya Oktoba inaweza kukuta mkataba umetiwa sahihi lakini hauna uhai. Ada ilipwe mapema, na isiachwe kwenye foleni ya madeni ya wakandarasi. Mtego wa pili uko upande wa kupokea. Kwa kifungu cha 207 cha Katiba, pesa zinazoifikia kaunti huingia kwenye Mfuko wa Mapato isipokuwa sheria imeziondoa humo, na kuzitoa kunahitaji idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Kama bunge la kaunti halijapitisha kabla njia ya pesa hizo na orodha ya matumizi (pampu, dawa ya maji, makalvati ya barabara gani, mahema mangapi), malipo ya siku 14 yatalala benki miezi.

Mkazi wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, anayesikia kwamba kaunti imekatiwa bima ya mafuriko ajue kuwa nyumba yake na friji yake havimo. Kilichokatiwa ni mfuko wa serikali yake, na anachoweza kukidai barazani ni ile orodha ya matumizi, ikiwa na jina la wadi yake.