Je, wajua kwa nini shairi la kughani hutulia juu ya R&B?

Hapa Kisumu, mpe mghani mpiga kibodi na mpiga besi, umwambie achague mdundo. Mara nyingi atasema: "Nipigieni R&B, polepole." Haombi benga, muziki wa magita wa Waluo, ingawa benga ndiyo iliyomlea. Nimeliona hilo kwenye mazoezi mengi hadi nikaketi na kalamu kutafuta sababu, nami nikaikuta kwenye mizani.

Shairi letu la kawaida lina mizani 16, yaani silabi 16, katika mshororo: nane za ukwapi (nusu ya kwanza), nane za utao (nusu ya pili). Chukua huu, nimeutunga kwa mfano tu:

Jua ziwani lazama, mitumbwi yarudi Dunga.

R&B ya taratibu huenda kwa mapigo kama 70 kwa dakika, yakipangwa manne manne. Mapigo manne huchukua takriban sekunde 3.4. Gawa kila pigo mara nne, unapata nafasi 16, na mshororo mzima unaenea humo. Kasi yake haifiki silabi tano kwa sekunde, mwendo wa mtu anayezungumza na mwenzake bila haraka. Pandisha mdundo hadi mapigo 120, na mshororo uleule unalazimika kuisha kwa sekunde mbili, silabi nane kila sekunde. Hapo mghani anakimbizwa, na maneno yanamponyoka.

Kuenea peke yake hakutoshi, lakini. Utamu wenyewe uko kwenye mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: la-ZA-ma, DU-nga. Katika mshororo wetu hizo ni silabi ya 7 na ya 15. Mghani akianza sawia na pigo la kwanza, mikazo hiyo inaangukia katikati ya mapigo, na msikilizaji anahisi kitu kinayumba asijue ni nini. Sasa mwache atangulie kwa nusu pigo, ile "jua" itoke kabla mzunguko wa mapigo manne haujaanza. "Za" inatua juu ya pigo la pili, "Du" juu ya pigo la nne. Na hayo mawili ndiyo mapigo ambayo R&B huyapa ngoma ya snea, ile yenye mlio mkali! Lugha na ngoma zinakaza mahali pamoja. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia mara tatu, kwa furaha. Vina navyo, "ma" na "nga", hufuata baada tu ya snea kulia, kwa hiyo havifunikwi.

Kinachosumbua ni pumzi. Mishororo ikifuatana hivyo, hakuna pa kuvuta hewa. Ndiyo maana wazoefu huacha mzunguko mmoja upite mtupu, na hapo mwimbaji anaitika. Mtindo huu wa sauti moja kuita na nyingine kujibu R&B iliurithi kwa bluzi na kwa nyimbo za makanisa ya Wamarekani weusi. Mwimbaji akitaka kusikika mghani akiwa bado anaghani, aimbe irabu tupu, "oo" au "aa", asitie maneno, kwa sababu sikio halifuati maneno ya watu wawili kwa wakati mmoja. Kosa hilo limeharibu maonyesho mengi mazuri, na linaniuma kwa kuwa dawa yake ni rahisi mno.

Huko Marekani walikuwa wamegundua zamani kwamba maneno ya kusemwa hutulia juu ya muziki huu. Mwaka 1969 Isaac Hayes alirekodi wimbo wa zaidi ya dakika 18, na sehemu kubwa ya mwanzo anasimulia tu, kinanda kikimsindikiza kwa chini. Jill Scott wa Philadelphia alianza kwa kughani mashairi kabla ya kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 2000, na humo kusema na kuimba vinapokezana hata huoni mpaka.

Kwetu kando ya ziwa, Waluo wana pakruok, desturi ya kujisifu katikati ya muziki. Kinubi chao, nyatiti, kikipigwa, nyuzi zake nane zikilia na pete ya chuma ya kidole cha mguu ikigonga mti wake, mtu hujitokeza na pesa mkononi. Mwimbaji humpisha. Mtu huyo hujisifu, husifu kwao au mpenzi wake kwa mafumbo, kisha wimbo huendelea. Benga nayo ikachukua tabia hiyo, ndiyo maana kwenye rekodi zake utasikia majina na sifa zikitajwa kwa maneno ya kawaida katikati ya magita. Kwa hiyo hadhira ya Kisumu haishangai muziki ukimpisha msemaji.

Ukitaka kujaribu, tafuta mdundo wa mapigo 70. Gonga meza kwenye la pili na la nne. Sema "jua" kabla ya pigo la kwanza, "ziwani" ianze nalo, kisha usikilize kidole chako na "za" vikikutana mezani.