Je, wajua kwa nini minara ya mtambo wa makaa ya mawe ina kiuno?

Tazama picha ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na macho yatakimbilia minara minene iliyobanwa kiunoni, inayotoa wingu jeupe. Wengi hulidhani ni moshi, kumbe ni mvuke wa maji. Moshi hupitia dohani nyembamba iliyo ndefu kuliko minara yote.

Katika mtambo wa Ratcliffe-on-Soar, Uingereza, kulikuwa na minara minane ya mita 114 na dohani moja ya mita 199. Makaa yalisagwa yakawa unga, yakapulizwa tanurini, na joto lake likageuza maji kuwa mvuke wa zaidi ya nyuzi 500, uliozungusha tabaini, mashine inayoendesha jenereta ya umeme, mara 3,000 kwa dakika. Mvuke uliomaliza kazi sharti urudi kuwa maji, na maji yanayoupoza hupata joto kutoka kwake, lakini hayachemki. Hayo ndiyo hunyunyizwa ndani ya mnara ili yapoe. Zaidi ya nusu ya joto la makaa halizai umeme. Sehemu kubwa yake hupotea humo.

Hewa iliyopashwa moto hupanda yenyewe na kuvuta hewa baridi kutoka chini, bila feni hata moja. Kiuno nacho ni siri ya uimara. Ukuta uliopinda kwa wima na kwa mzunguko hauinami kirahisi, hivyo unaweza kuwa mwembamba, kwa kulinganisha na upana wa mnara, kuliko ganda la yai. Umbo hili lilibuniwa na mhandisi Mholanzi Frederik van Iterson, na mnara wa kwanza ulisimama mwaka 1918.

Wembamba huo una hatari zake. Tarehe 1 Novemba 1965, kule Ferrybridge, mtambo mwingine wa makaa ya mawe Uingereza, upepo mkali uliangusha minara mitatu kati ya minane. Wabunifu walikuwa wametumia wastani wa kasi ya upepo kwa dakika nzima, wakasahau mivumo ya ghafla. Tena walipima mnara mmoja peke yake, ilhali upepo uliopenya kati ya minara ya mbele ndio ulioipiga ya nyuma.

Ratcliffe ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024, wa mwisho wa makaa ya mawe Uingereza, miaka 142 baada ya Thomas Edison kufungua wa kwanza huko Holborn Viaduct, London.