Umeshatubu? Sasa Rudisha Pesa za Watu

"Mwalimu, hilo nimeshalitubu, Mungu kanisamehe." Kila Kwaresima hunijia mtu na kauli hii, na mara nyingi anayeisema bado kashika mali ya mwenzake. Mmoja alikula fedha za upatu wa wanawake wenzake. Mwingine kauza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Mwingine hajawalipa vijana wake wa Paje tangu watalii walipopungua. Wamelia magotini, wamepokea Ekaristi, na aliyedhulumiwa anapiga simu haipokelewi.

Eti neema ikishasamehe, deni la jirani nalo limekufa. Halijafa! Hatia yako mbele za Mungu Kristo ameibeba. Upatu wa jirani hakuulipa, wala hakuahidi kukulipia.

Wananisomea Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo. Sawasawa. Mbona wanafunga kitabu kabla ya mstari wa 10, unaosema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema"?

Hebu angalia kilichotangulia katika Luka 19. Yesu anajialika kwa Zakayo kabla mtoza ushuru huyo hajarudisha hata senti moja, kwa hiyo asiseme mtu kwamba aliinunua neema. Lakini ilipomfikia, mwenyewe akasimama: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Torati, katika Hesabu 5:7, ilimdai mwenye kukiri arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano tu. Paulo naye, akimwombea Onesimo kwa Filemoni, hakusema madeni yasahauliwe. Alisema yaandikwe juu yake.

Sisi wa Unguja tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, palepale. Wageni hupiga picha hapo wakaenda zao ufukweni. Ningependa wafike na Mbweni, ambako misheni ilinunua ardhi ikawapa walioachiwa huru mahali pa kukaa, kulima na kusomesha watoto. Waliojenga kanisa lile hawakuona kwamba sala zinatosha.

Basi rudisha, na umrudishie mwenyewe. Usitumbukize kwenye kapu la sadaka ukadhani umemaliza. Hiyo ni kutoa sadaka kwa mali ya mtu. Kama amefariki, watafute warithi. Kama huna zote, nenda na ulichonacho, mtaje tarehe ya kinachobaki, na uitimize.

Mengine nayasema kwa ufupi.

"Hii ni dhambi ndogo tu." Uzito hutofautiana, Yohana mwenyewe anasema iko dhambi isiyo ya mauti. Ila Yakobo 2:10 haimwachii nafasi mwenye kujichagulia amri za kuvunja.

"Nungwi ndiyo imeniharibu, nikirudi bara nitatulia." Marko 7:21 inasema uovu hutoka ndani, moyoni. Tamaa yako itapanda boti pamoja nawe mpaka Dar es Salaam, wala haikatiwi tiketi.

"Wanaofikwa na ajali wana dhambi zao." MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, nilisikia maneno ya aina hii, tena kwa watu wa sala. Yesu aliletewa habari kama hizo, akawataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana wazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Mwenye kupeleka mkono wa pole apeleke, mahubiri ayaache nyumbani.

"Niache pombe kwanza, ndipo nije kanisani." Utangoja sana. Wenye afya hawahitaji tabibu, Marko 2:17. Njoo Jumapili hii, na baada ya misa tukae tuzungumze hiyo pombe.