Kengele ya Saa Kumi na Nusu Alfajiri

Muhula uliopita, baba mmoja mkulima wa miwa kutoka upande wa Mumias alimleta bintiye, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya bweni, kwenye kliniki yetu ya ushauri nasaha hapa Kisumu. Alikuja na bahasha ya vipimo vya tumbo ambavyo havikuonyesha ugonjwa wowote. Tumbo hilo lilimuuma kila wiki ya mtihani na kila siku ya kurudi shuleni, na likizo ikianza lilitulia.

Nilimwomba binti anieleze siku yake tangu anapoamka. Badala ya kujibu, alifungua daftari la hesabu na kunionyesha ratiba aliyoibandika ndani ya jalada: kuamka saa kumi na nusu, masomo ya alfajiri saa kumi na moja, vipindi hadi jioni, masomo ya usiku hadi saa nne na nusu. Pembeni alikuwa ameandika kwa penseli nafasi yake darasani, 41 kati ya 58, akaizungushia duara mara nyingi hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Baba aliisoma ratiba ile kimya, kisha akauliza, "Daktari, sasa huyu mtoto analala wakati gani?"

Hesabu yake haikuzidi saa 6. Mwaka 2016, wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani walipendekeza kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila siku, na sababu zao zinamhusu mtoto wa Mumias sawa na mtoto mwingine yeyote. Katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, ubongo huyapitia upya yaliyosomwa mchana na kuyatia katika kumbukumbu ya kudumu. Usingizi wa ndoto, ambao huwa mwingi kuelekea alfajiri, husaidia kutuliza hofu na huzuni za siku iliyopita. Kwa hiyo kengele ya saa kumi na nusu humkatia mwanafunzi sehemu ileile ya usingizi ambayo ingempa utulivu wa kuukabili mtihani. Wala hatuwezi kumwambia alale mapema zaidi, kwa maana mwili wa kijana anayebaleghe huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba sheria ya kumlinda ipo. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015, ambazo zinahusu pia shule za sekondari, zinataka masomo ya darasani yaanze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri, na katika shule za bweni zinatenga saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa wakati wa kulala, yaani saa 8 na nusu kamili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, nayo, imepiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Ratiba niliyoonyeshwa iliandikwa kana kwamba maandishi hayo hayapo.

Nchi yetu imo katikati ya mageuzi makubwa. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na Mtaala wa Umilisi umekusudiwa kupima uwezo wa mtoto kwa njia nyingi, ukiwemo utendaji wake wa kila siku shuleni. Ninayaunga mkono mageuzi hayo. Hata hivyo, mtaala mpya ukiingizwa katika sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, zenye kengele ileile, tutakuwa tumebadilisha vitabu tu. Sipendi kumlaumu mwalimu peke yake, kwani naye huulizwa wastani wa somo lake kwenye kila mkutano, na mara nyingi wanaouliza kwa ukali ni sisi wazazi, ambao huwahamishia watoto wetu shule jirani kwa sababu imeongeza pointi moja. Mzazi huyohuyo ana nguvu ya kuomba ratiba ya bweni siku ya wazazi, kuilinganisha na kanuni, na kuiandikia bodi ya shule iwapo hazilingani.

Nyumbani, angalia maumivu ya kichwa au tumbo yasiyo na chanzo, kukosa hamu ya kula, kujitenga na marafiki, hasira za ghafla, na hasa maneno kama "afadhali nisingekuwepo." Maneno hayo yasichukuliwe kuwa utundu hata mara moja. Kaa naye, usimwache peke yake, na umfikishe siku hiyohiyo katika hospitali ya rufaa ya kaunti yako. Simu ya msaada kwa watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo, usiku na mchana.