Gari limebondeka, mbona eabegi haikufunguka?

Sisi tunaokagua magari yaliyopata ajali huulizwa swali hili karibu kila mara. Mwenye gari anaonyesha boneti iliyojikunja na taa zilizosagika, na ameshaamini kwamba aliuziwa gari bovu. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi gari limefanya lilivyopaswa.

Eabegi, yaani mfuko wa hewa unaojaa ghafla kumkinga mtu, haiangalii bati limebondeka kiasi gani. Bati la mbele limetengenezwa lijikunje ili limeze nguvu ya mgongano. Kinachopimwa na kompyuta ya gari ni gari kupoteza mwendo ghafla. Eabegi za mbele hufunguka kwa kawaida mshtuko unapolingana na kugonga ukuta mgumu kwa takriban kilomita 16 hadi 26 kwa saa, kutegemea gari na kama mtu amefunga mkanda. Ukigonga gari lililoegeshwa, lenye uzito kama wa lako, ukiwa kwenye kilomita 30, mshtuko wake ni kama wa ukuta kwa 15 tu, maana gari lile nalo linasukumwa. Mfuko hujaa kabla hujapepesa jicho, na nguvu yake inaweza kuvunja mkono, ndiyo maana haufunguki bila sababu.

Ajali inayotuumiza moyo zaidi ni ya gari dogo kuingia chini ya lori. Usiku, lori limeharibika na kuachwa barabarani bila taa wala viakisi. Chesi yake iko juu kuliko bampa ya gari dogo, kwa hiyo bampa na vyuma vya mbele, ambako baadhi ya sensa (vihisi vya mshtuko) hufungwa, hupita chini bila kukutana na kitu kigumu. Boneti inakunjwa kama karatasi huku gari likizidi kwenda. Kompyuta inapokuja kuhisi mwendo umekatika, bodi la lori limeshafika kwenye kioo. Eabegi hufunguka imechelewa, au haifunguki kabisa. Lori lisilo na chuma cha kinga nyuma ni hatari hata kwa gari jipya kabisa.

Ukigongwa kwa nyuma au gari likibiringika, eabegi za usukani na dashibodi kwa kawaida hutulia, kwa sababu hazikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Wapo wanaosema eabegi haifunguki usipofunga mkanda. Katika magari mengi ya sasa hufunguka, tena kwa mshtuko mdogo zaidi. Hatari ni kwamba asiye na mkanda hurushwa mbele na kuukuta mfuko ungali unalipuka.

Ubovu wenyewe upo, hasa kwenye magari yaliyotumika. Utepe wa nyaya uliojiviringisha nyuma ya usukani hukatika, na umeme haufiki kwenye eabegi. Mengine yalishagonga, eabegi zikafunguka, kisha aliyeyatengeneza akarudisha kifuniko kitupu na kufunga rezista (kipande kidogo cha umeme) ili kompyuta idanganyike kwamba eabegi ipo. Huo ni ukatili.

Kabla ya kulipia gari, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa yenye picha ya mtu aliyekaa na duara mbele yake iwake sekunde chache, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichomoa. Na kwa kuwa rezista huidanganya hata mashine ya kupimia, papasa kifuniko cha usukani na dashibodi upande wa abiria: ukikuta gundi, mshono mpya au rangi isiyolingana, mwambie fundi afungue aone ndani.