Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ni nini?

Muulize Mkatoliki wa Tanzania au Kenya anasali wapi, atakutajia parokia yake, au kigango kama kanisa la parokia liko mbali. Ukimuuliza tena ni wa jumuiya gani, atakutajia jina la mtakatifu: Mtakatifu Rita, Mtakatifu Yuda Tadei, Mtakatifu Bakhita. Jibu hili la pili ndilo linalokuonyesha Ukristo wake unaishi wapi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ni kundi la familia zinazoishi jirani, zinazokutana kila juma kusali, kusoma Neno la Mungu na kubebana katika shida na raha. Leo sala iko kwa huyu, juma lijalo iko kwa yule. Viongozi wake, yaani mwenyekiti, katibu, mtunza hazina na wengineo, ni walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, waliochaguliwa na wenzao. Padre huja kwa nafasi yake kuadhimisha Misa ya jumuiya, lakini sala ya kila juma haimsubiri.

Watu wengi huichanganya na vyama vya kitume kama Legio ya Maria au WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), au hata na kwaya. Vyama hivyo mtu hujiunga kwa kupenda, kulingana na wito wake, umri wake au karama yake. Jumuiya huichagui. Umehamia mtaa huu, jumuiya yako ni ya mtaa huu, pamoja na yule mwalimu mstaafu, yule dereva wa bodaboda, na yule jirani mliyekosana juu ya mpaka wa kiwanja. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika dhana hii. Kupendana na watu uliowachagua si kazi ngumu. Injili inatutaka tumpende jirani, na jumuiya inakupa jirani mwenye jina na mlango.

Mpango huu ulipata nguvu Nairobi mwaka 1973, maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya za msingi, zile ambamo watu wanaishi na kufanya kazi na wanaweza kufahamiana kweli. Mwaka 1976 wakaufanya kuwa kipaumbele cha kichungaji. Wapo wanaosema jumuiya zilibuniwa kwa sababu tu mapadre walikuwa wachache na parokia kubwa mno. Uhaba huo ulikuwepo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Hata mapadre wangejaa kila parokia, bado watu mamia wanaokaa benchi moja kila Jumapili wanaweza kuzikana bila kujuana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 515, inaieleza parokia kuwa ni jumuiya ya waamini. Haianzi na jengo. Na Matendo ya Mitume 2:46 inawaonyesha Wakristo wa kwanza wakiwa pamoja hekaluni, kisha wakimega mkate nyumba kwa nyumba.

Katika sala ya juma, jumuiya nyingi hufuata njia ya hatua saba iliyoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Wanamkaribisha Bwana kwa sala, wanasoma Injili, kila mmoja anarudia neno au fungu lililomgusa, wanakaa kimya, wanashirikishana walichosikia moyoni, wanajadili kazi ambayo Mungu anawataka waifanye, kisha wanamalizia kwa sala za papo kwa papo. Hatua ya sita, ile ya kazi, ndiyo inayorukwa zaidi. Muda umekwenda, watu wana haraka, basi panasomwa matangazo na michango na sala inafungwa. Ikirukwa kila juma, jumuiya inabaki kikundi cha kusoma Injili. Ikifanyika, maswali yanakuwa ya mtaani hasa: nani atampeleka bibi yule hospitali, mtoto wa fulani mbona haendi shule, wale wanandoa waliotengana nani atawaendea.

Thamani yake huonekana zaidi kwenye ugonjwa na msiba. Mara nyingi mwenyekiti wa jumuiya ndiye anayempelekea paroko habari kwamba nyumba fulani kuna mgonjwa anayehitaji sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Panapotokea kifo, wanajumuiya huwahi kufika: wanasalisha rozari, wanashika jiko, wanapanga ratiba ya mazishi na katekista (mwalimu wa dini) au paroko, na wengi wao hurudi tena wageni wakishaondoka.

Lipo lalamiko ambalo siwezi kulipita. Parokia nyingi huomba uthibitisho wa jumuiya kabla ya ubatizo, ndoa au maziko, ndipo watu wengine wanaiona kama ofisi ya kugonga mihuri na kudai michango. Kuthibitisha kwamba mtu anafahamika ni jambo jema, kwa sababu sakramenti hupokewa ndani ya Kanisa linalokujua. Lakini familia iliyofiwa ikianza kuhesabiwa madeni ya michango mbele ya jeneza, jumuiya hiyo imesahau kazi yake. Asiyehudhuria alipaswa kutembelewa angali hai.

Wapo pia wanaodhani kwamba asiyepokea Komunyo hana nafasi hapo. Sivyo. Mtu ambaye ndoa yake haijafungwa kanisani anasali na jumuiya, anapokea sala nyumbani kwake, anatafakari Neno na wenzake, na mara nyingi ni humo anapopata watu wa kumsindikiza hadi siku ya kubariki ndoa yake. Mpangaji wa chumba kimoja naye asiogope kwamba hana sebule ya kuwakalisha watu, maana uani panatosha. Ukihamia mahali papya, uliza kwa katibu wa parokia au katekista jumuiya ya mtaa wako inakutana siku gani, na ukiwa na barua ya utambulisho kutoka jumuiya uliyotoka, nenda nayo.